Baridi ya Cheruto, Maziwa ya Kabazi

Jumapili, 23 Machi

Mvua bado. Mawingu yalikaa juu ya Subukia tangu asubuhi, na saa kumi yakaondoka kama wageni waliokataa chai.

Leo baada ya ibada mchungaji aliuliza kama kuna mwenye neno la shukrani. Nikasimama. Nilisema kwamba binti yetu kitindamimba, Cheruto, anayesomea fizikia Ufini, ametengeneza friji ya umeme yenye baridi ambayo hakuna mtu wa Kabazi aliyewahi kuisikia. Baridi kuliko barafu ya Mlima Kenya. Baridi kuliko anga lililo katikati ya nyota. Haina mota, haina gesi, haina mlio, na umeme inaokula ni mdogo hata balbu ya tochi ingekufa njaa nao.

Kila neno lilikuwa kweli. Watu walipiga makofi. Mke wangu Jepkemboi alivuta koti langu mara mbili ndipo nikaketi.

Njiani akaniambia, "Umejisifu kanisani."

"Nimeshukuru."

"Basi umeshukuru mpaka chakula cha watu kikapoa."

Jumanne, 25 Machi

Mvua ya kwanza, nusu saa tu. Mbuzi walikimbilia bandani na kunuka vibaya. Nimefurahi kama mtoto.

Ijumaa, 28 Machi

Amekuja Wanjugu, mwenyekiti wa chama chetu cha maziwa. Nilimfundisha hesabu na sayansi alipokuwa msichana, na tangu siku hizo hana subira ya kusikiliza swali mpaka mwisho. Hata leo aliingia akiwa ameshaanza kuzungumza.

"Mwalimu, nimekuja kwa mambo ya friji."

"Friji gani?"

"Si ni ile ya Cheruto. Ulisema haina kompresa?"

"Haina."

"Na haitaki stima mingi?"

"Karibu haitaki kabisa."

"Na ni baridi kushinda tangi yetu?"

Nilicheka. "Mwenyekiti, tangi lenu mbele ya hiyo ni jiko."

Alikaa kitako. Tangi la kupozea maziwa la chama ni kuukuu, na kila mvua zikija, maziwa yakiwa mengi, ndipo kompresa yake hufa. Kituo hukataa maziwa ya jioni kwa sababu hakuna pa kuyalaza. Niliona macho yake yanang'aa nikadhani ni hamu ya elimu. Kwa hiyo nikamweleza.

Nilimpeleka kwenye zizi la mbuzi. Nikamwambia, tazama hawa. Joto la kitu si kingine ila ni utundu wa vijitu vidogo vilivyo ndani yake. Ndani ya kipande cha shaba kuna elektroni, na elektroni ni kama mbuzi hawa: wengine wamelala, wengine wanatembea, wachache ni watundu wasiotulia. Sasa jenga ukuta ambao ni wale watundu tu wanaoweza kuuruka. Wakishatoka, waliobaki zizini ni watulivu, na zizi lenyewe limekuwa tulivu. Yaani limepoa. Hukuleta barafu, ulifungua tu njia kwa walio moto waende.

Ukuta huo Cheruto anaujenga kwa kugusisha metali mbili na kuweka utando mwembamba mno katikati. Metali ya pili ni ya aina ambayo ikipoa sana huacha kabisa kuuzuia umeme, na wao huiita superkondakta. Superkondakta ina tabia moja ya ajabu: haipokei elektroni yenye nguvu kidogo. Mlangoni pake kuna kizingiti. Ukisukuma kwa umeme kidogo, karibu na kimo cha kizingiti lakini usikifikie, ni elektroni zenye joto tu zinazopenya.

Wanjugu alisikiliza mpaka mwisho! Sijawahi kuona. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniuliza Cheruto anakuja lini.

"Mwezi wa sita, kwa likizo."

"Mungu ni mwema," akasema, akaenda zake.

Jumatano, 2 Aprili

Tumepanda mahindi shamba la chini. Mgongo unajua.

Jumapili, 6 Aprili

Baada ya ibada jirani yangu Kiptum alinivuta kando. Kiptum ni mzee wa rika langu, mfugaji, mtu wa maneno machache ambayo siku zote nimeyaona kuwa machache kwa sababu hana mengine. Nitalazimika kufikiria upya.

"Mwalimu, hongera. Kamati imeamua kungojea friji yenu."

"Kungojea nini?"

"Si ni ile ya msichana wako. Wale watu wa mradi wa kusaidia vyama vya maziwa waliandika, wanataka kutupatia tangi mpya. Wanjugu akasema tusiwajibu. Kwa nini tuchukue tangi ya kompresa na ya bila kompresa inakuja mwezi wa sita?"

Nilimuuliza mradi unataka jibu lini.

"Mwisho wa mwezi wa tano. Tukinyamaza inaenda kwa chama cha Elburgon."

Nimeketi hapa na chai ambayo sijainywa. Nimekumbuka kila nilichomwambia Wanjugu pale zizini. Hakuna uongo hata mmoja. Nilimweleza inavyofanya kazi, ninajua kueleza, nimeifanya kazi hiyo maisha yangu yote. Sikumwambia ina ukubwa gani. Hakuuliza, nami nilikuwa nimelewa mbuzi wangu.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimekwenda kwa Wanjugu asubuhi, kabla umande haujakauka.

"Mwenyekiti, ile friji ya Cheruto ni ndogo."

"Ndogo aje?"

"Haiwezi kupoza hata kijiko cha maziwa."

Alinitazama, halafu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. "Mwalimu, wewe! Hata ng'ombe zako ukiulizwa unasema ni wachache tu."

Hapo ndipo nilipoelewa niko wapi. Kwetu, mtu hahesabu mifugo yake kwa sauti, wala watoto wake. Ukiulizwa una ng'ombe wangapi, unasema "wachache", hata kama wamejaza bonde. Wazee walisema hesabu huita balaa, na sisi tuliosoma tunasema ni adabu tu, lakini tunaishika vilevile. Hata jirani zetu waliotoka Nyeri na Murang'a wana desturi hiyohiyo kwao. Kwa hiyo mtu wa hapa akisema chake ni kidogo, masikio ya watu hukigeuza kuwa kikubwa. Nikisema hakipozi kijiko, wanasikia kinapoza ziwa.

"Wanjugu, nisikilize. Ni kweli."

"Sawa, Mwalimu. Ni kidogo," akasema, akanikonyeza. "Tutaitafutia kamahali kadogo."

Jumanne, 15 Aprili

Mvua kila alasiri. Nyasi zimefika magotini na maziwa yameongezeka kila boma. Vijana wa chama wamechimba msingi kando ya kituo kwa ajili ya slabu ya saruji. Nilipowauliza vipimo, wakasema mwenyekiti aliwaambia: "Mwalimu amesema ni ndogo, kwa hivyo chimbeni mara mbili ya ile ya zamani."

Jumamosi, 19 Aprili

Nimezungumza na Cheruto kwa simu. Uso wake ulijaa kwenye kioo, na nyuma yake kulikuwa na theluji, mwezi wa nne huu. Nikamweleza yote.

"Baba, uliwaambia nini hasa?"

"Ukweli."

"Wote?"

Nikaitazama ile theluji nyuma yake.

"Uliwaambia kabla ya kile changu kuanza kazi lazima kwanza kipozwe na mtambo mwingine mkubwa? Kwamba changu kinachukua tu hatua ya mwisho kabisa?"

"Sikufika hapo."

"Uliwaambia ni ya kupoza vifaa vya darubini, ya kupokea mwanga hafifu wa nyota?"

"Nilifika kwenye nyota. Nilisema ni baridi kushinda anga lililo kati yake."

Alicheka mpaka simu ikatikisika. Kisha akaacha. "Baba, mimi nikija mwezi wa sita nitasimama wapi? Watakuwa wamepoteza tangi kwa sababu yangu."

"Kwa sababu yangu."

"Jina ni langu lakini."

Ni kweli. Jina ni lake. Nikamuuliza habari za kazi, ili tupumue. Akasema mbuzi wanarudi. Tangu utotoni mwake tunazungumza fizikia kwa mbuzi. Elektroni za moto zikishapenya kwenye superkondakta hazina haraka ya kuondoka. Zinajazana papo hapo nyuma ya ukuta, na joto lao linarudi zizini. Kipande kinapoa kidogo, kisha hakishuki tena. Sasa anaweka upande wa nje kipande kingine cha metali ya kawaida, karibu sana na ukuta, kiwe mtego wa kuzipokea na kuzipeleka mbali.

"Kwa hiyo kuwatoa si kazi," nikasema.

"Kazi ni waende wapi wakishatoka," akasema.

Jumatatu, 21 Aprili

Jana Pasaka. Wali, kuku, na wajukuu wa Kiptum walivunja kikombe.

Jepkemboi amekuwa akinitazama nikizunguka nyumba. Leo akanipa wazo. "Ukisema ni kidogo wanasikia kikubwa. Basi sema ni kikubwa."

Nilimwendea Kiptum akichunga, nikamwambia friji ya Cheruto ni kubwa kama ukumbi wa kanisa na itapoza maziwa yote kutoka Kabazi mpaka Bondeni.

Alivua kofia. "Mpaka Bondeni?" akasema kwa heshima. "Hiyo sijajua."

Nikikana wanaamini, nikijisifu wanaamini. Nimerudi nyumbani na kumwomba Jepkemboi asinipe mawazo tena wiki hii.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Chama kimemwaga saruji. Slabu ni pana, laini, nzuri sana kutazama. Imenitia uchungu.

Jumatano, 7 Mei

Kompresa imekufa. Sote tulijua itakufa.

Nimekwenda kituoni jioni na mtungi wetu, nikidhani labda. Wanawake walikuwa wamepanga foleni na maziwa ya jioni, na karani anatikisa kichwa. Sikumwona Wanjugu. Wakaniambia yuko mtoni. Nilishuka, nikamkuta ameingia majini hadi magotini, sketi ameifunga kiunoni, anasimamisha madebe ya wenzake katikati ya mawe ambapo maji ya kutoka msituni ni baridi. Alikuwa akikoroga debe moja moja kwa mwiko mrefu, ili yapoe sawasawa.

"Yako weka hapo, Mwalimu," akasema bila kugeuka.

Nikakunja suruali nikaingia. Maji yaliuma mifupa. Tulikoroga mpaka giza likaanza, na nusu ya madebe hata hivyo yatachacha kabla ya asubuhi, sote tulijua. Akaniambia kwamba wajane watatu wa upande wa juu wana ng'ombe mmojammoja, wanaotoa maziwa mengi jioni kuliko asubuhi, na kila siku maziwa hayo yanaishia kwa ndama na paka.

"Hii kitu ya Cheruto," akasema, "mimi nikilala naiona. Haina kompresa. Haikufi."

Miaka yote nimemwona ni mtu wa haraka tu. Haraka yake ina sababu, na sababu hiyo ilikuwa imesimama pale imeshika mwiko. Nilitaka kumwambia tena, lakini nilijua atacheka na kunikonyeza, nami nisingeweza kukikubali kicheko hicho tukiwa majini.

Jumapili, 11 Mei

Nilimwomba mchungaji anipe nafasi nirekebishe maneno ya Machi. Nikasema friji ni ndogo kuliko punje ya mtama. Waumini walitabasamu. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Amina, unyenyekevu."

Jumamosi, 17 Mei

Mvua, mvua. Mahindi yamefika kiunoni. Kwa upande wangu sina malalamiko dhidi ya dunia, isipokuwa hili moja.

Alhamisi, 22 Mei

Kumetangazwa mkutano wa wanachama, keshokutwa. Ajenda ni mapokezi ya Cheruto. Baada ya huo hakuna mkutano mwingine kabla ya mwisho wa mwezi.

Nimefikiri kama mwalimu. Mwanafunzi asipoelewa, usirudie sentensi ileile kwa sauti ya juu zaidi. Tafuta kinachomzuia. Kinachowazuia watu wa Kabazi si ujinga, ni adabu. Wanadhani ninaficha changu, kama kila mtu mwenye heshima anavyoficha chake. Basi lazima kwanza wanione nikiwa sifichi kitu.

Nilimwambia Jepkemboi nitakachofanya. Alikuwa akichambua maharage. Mikono ikasimama.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Mama yako angekufa mara ya pili."

"Najua."

Yeye ndiye aliyewapa ng'ombe majina, yeye huwakamua, na Malkia, ng'ombe wake mkubwa, anakaribia kuzaa. Hata mimi niliyefundisha sayansi miaka mingi, niliogopa. Mwishowe akamwaga mawe ya maharage mlangoni, akasema:

"Hesabu. Lakini watoto usihesabu."

Jumamosi, 24 Mei

Niandike hili vizuri, kwa utaratibu.

Mkutano ulifanyika juu ya slabu yenyewe, maana ndipo penye ukavu. Watu walileta viti kutoka kanisani. Wanjugu alifungua kwa maombi, kisha akaeleza mipango ya mwezi wa sita: nani atachinja, nani atapika, kwaya itaimba wapi friji ikishushwa kwenye lori. Akasema, "Sasa Mwalimu atatusalimia, halafu atatuambia itakuja na lori ya saiz gani."

Nikasimama. "Haiji na lori. Cheruto ataileta mfukoni."

Kicheko. Kiptum akasema kutoka nyuma, "Mwalimu hata mbuzi zake anasema ni kidogo." Kicheko kikubwa zaidi.

Nikangoja mpaka wakanyamaza. Nimesimama mbele ya madarasa mengi, ninajua kungoja.

"Nina ng'ombe sita," nikasema.

Mwanamke mmoja wa mstari wa mbele alifunika mdomo kwa leso.

"Malkia, ana mimba. Tumaini, anakamuliwa. Kahawa, anakamuliwa, lakini chuchu moja imekufa. Mitamba wawili, bado. Na fahali mdogo mmoja ambaye nitamuuza baada ya mavuno. Hao ni sita. Si wachache na si wengi. Ni sita."

"We mzee, nyamaza!" Kiptum alikuwa amesimama, fimbo mkononi. "Unataka zife?"

"Mbuzi ni kumi na mmoja."

"Mwalimu!" Hiyo ilikuwa sauti ya Wanjugu, na haikuwa na kicheko.

Nilimtazama Jepkemboi. Alikuwa ametazama chini, lakini hakuwa ameondoka.

"Nimewapa hesabu ya zizi langu mchana, mbele yenu wote," nikasema. "Sina kingine cha kuficha. Sasa nipeni masikio kwa hesabu ya friji." Nikatoa punje ya mahindi mfukoni, nikaiinua. "Kitu cha Cheruto kikiwa kizima pamoja na kibao chake ni kama punje hii, kinatosha kukaa juu ya ukucha wangu. Sehemu inayofanya kazi ya kupoza, macho hayaioni. Baridi yake ni ya kweli, sikuwadanganya. Lakini ni baridi ya kupoza kitu kidogo kuliko chembe ya vumbi, ili darubini iweze kuona nyota za mbali. Na haiwezi kuanza kazi mpaka iwekwe ndani ya mtambo mwingine, ambao una pampu, na mabomba, na kelele nyingi. Ukiiwekea tone moja la maziwa, tone ndilo litakaloishinda."

Hakuna aliyecheka. Nikaketi.

Wanjugu alisimama polepole. Alitembea mpaka ukingo wa slabu, akaitazama kama mtu anayetazama shamba lililopigwa na mvua ya mawe. Kisha akanigeukia.

"Ungesema hivyo siku ya kwanza."

"Ungeniuliza ukubwa."

"Mimi ni mkulima, Mwalimu. Nitajuaje cha kuuliza? Si wewe ndiye mwalimu?"

Nilisema, "Ni kweli, Mwenyekiti. Nimekosa." Nadhani hilo nalo liliwashtua, maana minong'ono ilianza.

Kiptum ndiye aliyeikata. Alikuwa bado amesimama. "Mimi nasema hivi. Mtu amehesabu ng'ombe zake na mchana. Na moja iko na mimba! Huyo hatuchezei. Kama amesema hiyo friji ni kama kiroboto, ni kiroboto. Wanjugu, chukua simu."

"Ya nini?"

"Pigia hao watu wa tangi kabla Elburgon hawajaamka."

Akapiga palepale, jua likimchoma, na sote tukasikiliza upande wake mmoja. Ndiyo, tunaitaka. Ndiyo, barua inakuja. Transfoma iko. Kisha akauliza, "Slabu ya saiz gani?" Akasikiliza. Akaangalia chini, miguuni pake, huku na huko. Akafunika simu kwa kiganja.

"Wanasema ile slabu ya zamani ingekuwa ndogo. Wangetupita." Akarudi kwenye simu. "Eeh, boss. Slabu tuko nayo. Kubwa. Iko tayari."

Kwaya ikaimba hata hivyo, kwa kuwa ilikuwa imekuja.

Jumatatu, 26 Mei

Malkia hakula asubuhi. Jepkemboi hakuniambia kitu, na ningependa aniambie.

Jumanne, 27 Mei

Watu wanapita njiani na kuangalia zizini, kisha wananisalimu kwa upole kama mtu mwenye msiba. Kiptum amekuja na majani ya dawa, akamnywesha Malkia mwenyewe, akisema naye kwa lugha yetu maneno laini ambayo sikujua anayo. Hakunitazama. Alipomaliza akasema, "Ng'ombe haina makosa."

Najua hakuna uhusiano wowote kati ya hesabu na tumbo la ng'ombe. Najua vizuri sana. Nimeamka mara tatu kumwangalia.

Jumatano, 28 Mei

Amekula.

Jumapili, 1 Juni

Sikukuu ya Madaraka. Jua, nguo zimekauka. Barua ya mradi imekuja: tangi ni letu.

Jumamosi, 14 Juni

Tangi limefika, limeng'aa kama kijiko cha harusi. Limekaa kwenye slabu na kubakisha nafasi upande mmoja, hatua chache hivi. Wanjugu amelizunguka akilipiga makofi madogo kama anayembembeleza mtoto. Leo maziwa ya jioni yamepokelewa. Mmoja wa wale wajane alibaki amesimama na debe tupu, hajui aende nyumbani kufanya nini.

Jumanne, 17 Juni

Cheruto yuko nyumbani. Amekonda kidogo. Amekula ugali na mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akalala mpaka mchana, na nyumba yote inatembea kwa vidole.

Jioni aliniambia habari aliyoiweka kwa ajili ya kuisema hapa. Mtego umefanya kazi. Elektroni za moto zikishapenya zinapokelewa na kupelekwa mbali, na kipande chake sasa kinashuka mpaka sehemu moja ya kumi ya digrii juu ya sufuri kamili, yaani ile baridi ya mwisho ambayo hakuna chini yake. Nilimtaka anieleze tena tangu mwanzo, naye akanieleza tangu mwanzo. Sijui kama kuna mzee Bonde la Ufa aliyekuwa na jioni nzuri kuliko hiyo.

Jumamosi, 21 Juni

Tulikwenda kituoni, familia nzima. Watu walikuwa wengi. Cheruto alitoa kikasha kidogo mfukoni, akakiweka kwenye ile nafasi iliyobaki ya slabu, kando ya tangi, akafungua kifuniko. Ndani kulikuwa na kijipande cha kijivu, kimoja kilichoungua katika majaribio, alichopewa ruhusa ya kubeba.

Wanjugu aliinama, miwani puani. Aliangalia kikasha. Aliangalia slabu, kutoka mwisho huu hadi ule. Aliangalia kikasha tena.

"Hii," akasema, "ndiyo nilichimbia msingi wa hivi?"

"Ndiyo, mathe," akasema Cheruto. "Pole sana."

"Na imeharibika?"

"Imeungua."

"Kwa hivyo hata yako inakufa!" Wanjugu akacheka, safari hii bila kunikonyeza, akamkumbatia Cheruto mpaka miguu ikaacha saruji. "Karibu nyumbani, mtoto wangu. Njoo uone yetu. Hii yetu ina kelele, lakini inapoza."

Wanawake wakamzunguka wakitaka waelezwe. Nilifungua mdomo. Jepkemboi akavuta koti langu. Nikaufunga, na Cheruto akaeleza, akianza na ukubwa.

Tuliporudi tulimkuta Kiptum amesimama getini kwetu, amejaa habari. Alikuwa amebaki kumtunza Malkia, kwa hiari yake. Alitupeleka zizini. Malkia alikuwa akilamba ndama jike, mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso, ambaye alijaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena.

Kisha Kiptum akakohoa, akaegemea fimbo yake, akaniuliza kama mtu anayeuliza kuhusu hali ya hewa:

"Sasa, Mwalimu. Ng'ombe zako ni wangapi?"

Jepkemboi alinitazama. Cheruto alinitazama.

"Wachache tu," nikasema.